Berlin: historia inayosomwa kwa miguu

Kwenye ukuta wa stesheni ya Nollendorfplatz, mtaa wa Schöneberg, Berlin, kuna bamba la jiwe la pembetatu, rangi yake ya waridi. Liliwekwa 1989 kuwakumbuka mashoga walioangamizwa na Wanazi. Maandishi yake yanasema walipigwa hadi kufa, kisha wakanyamaziwa hadi kufa. Abiria hulipita mbio wakiwahi treni. Aliyekuja na kiongozi wa matembezi ya historia husimama, akaambiwa kwa nini lina pembe tatu: ndiyo alama waliyoshonewa mashoga kwenye nguo kambini.

Wapo wasiopenda matembezi haya, na hoja yao ina uzito. Mateso ya watu yanakatiwa tiketi, mtaa wanamoishi watu unageuzwa maonyesho, na kiongozi anayetaka kuwafurahisha wageni hung'ang'ania dansi za Eldorado, klabu ya zamani ya mashoga katika barabara ya Motzstraße, ambayo jengo lake limekuja kuwa duka la vyakula.

Lakini historia hii tuitafute wapi? Taasisi ya elimu ya jinsia aliyoifungua daktari Magnus Hirschfeld, mtetezi wa mashoga, mwaka 1919 ilivamiwa na Wanazi tarehe 6 Mei 1933, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa hadharani kwenye uwanja wa Opernplatz. Jengo lenyewe halipo tena. Bila mtu wa kukuonesha lilipokuwa, utapita ukidhani ni bustani tu.

Halafu kuna hesabu isiyonitoka kichwani. Kwa Kifungu cha 175, sheria ya Ujerumani iliyoharamisha ngono kati ya wanaume, Wanazi waliwatia hatiani wanaume wapatao 50,000. Ujerumani Magharibi ikakirithi kifungu hicho na makali yote ambayo Wanazi walikiongezea 1935, ikakaa nacho hivyo hivyo hadi 1969, na kuwatia hatiani wengine wapatao 50,000. Elfu hamsini, kisha elfu hamsini! Hitler kafa, katiba mpya imeandikwa, lakini mtu aliyefungwa 1937 aliweza kufungwa tena 1957 kwa maneno yale yale ya sheria. Kifungu kilifutwa kabisa 1994. Hukumu za baada ya vita zilibatilishwa 2017, wengi waliohukumiwa wakiwa wameshazikwa.

Kwa hiyo lawama naielekeza kwa matembezi yanayokomea 1933, ambapo mwovu ni mmoja na kila mgeni anamjua. Kiongozi akishamaliza habari za muziki wa Eldorado, awafikishe watu mwaka 1957, mbele ya hakimu aliyevaa joho la jamhuri.