Bastola Ibaki Nje ya Baa

Jumamosi iliyopita, kwenye baa moja ya nyama choma hapa Nairobi, jamaa wa meza ya pili alichomoa bastola kiunoni akaiweka kando ya sahani ya kachumbari. Eti ilikuwa inamfinya akikaa. Rafiki yangu akanishika mkono: "Tulia ndugu yangu, ana leseni. Ni uhuru wake."

Uhuru wake! Na wetu je? Tangu dakika ile hakuna aliyeweza kumwambia apunguze sauti. Mhudumu, msichana mdogo, alitua chupa ya nne bila kuinua macho. Bili ilipopingwa, hakubishana. Aliichukua akaondoka, na najua pengo hilo litatoka kwenye mshahara wake. Jamaa hakumtishia mtu, nakubali. Hakuhitaji kutisha. Bastola ikishakaa mezani, kila mtu hupima maneno yake kwanza, isipokuwa mwenyewe, ambaye anazidi kunywa.

Katiba ya 2010 haimpi Mkenya haki ya kumiliki bunduki. Inachompa, katika Kifungu cha 29, ni uhuru na usalama wa nafsi yake, vyote viwili pamoja. Yule msichana anavyo hivyo. Bastola ni ruhusa tu chini ya Sheria ya Bunduki, Sura ya 114 ya sheria za Kenya, na ruhusa huondolewa: Desemba 2018 serikali iliagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya. Januari 2020 DJ mmoja alipigwa risasi shingoni katika klabu ya Kilimani. Alikuwa kazini, akipiga muziki. Akalala hospitalini miezi mingi. Tulilia, tukasahau.

Mtanitajia shambulio la kigaidi la Westgate, lile jumba la maduka la Nairobi. Haya, siwezi kubisha: Septemba 2013 raia wenye leseni waliingia mle kuokoa watu, na wapo walio hai leo kwa sababu yao. Lakini ujasiri wao si kibali cha kulewa na bastola kiunoni. Wafugaji wa Baringo nao wana hoja yao ya kushika bunduki, polisi wakiwa mbali. Hiyo nitaiandikia siku nyingine.

Ninachodai ni hiki: anayekunywa akiwa na silaha apokonywe cheti, asirudishiwe. Mwenye baa anayemhudumia aulizwe naye. Na mzigo huu asiachiwe mhudumu. Kituo cha polisi kikipigiwa simu, askari waje, hata kama mwenye bastola ni mheshimiwa.