Kibubu cha Mtunza Stoo

Kazini kwangu haupotei hata msumari. Nasema hivyo bila majivuno, kwa kuwa kutunza stoo ya duka la vifaa vya ujenzi ndiyo kazi pekee niliyoimudu tangu nimalize shule: saruji huingia kwa hati na kutoka kwa hati, na hata mwenye duka mwenyewe akitaka koleo la kwenda kuchimbia mashimo ya miti kwake, humsainisha kwanza ndipo nikamfungulia mlango. Bwana huyo huyo hunikabidhi mshahara wangu kila mwisho wa mwezi, nikauhesabu mara mbili mbele yake, nikaufunga mfukoni kwa kifungo. Nikishafika Nkuhungu, kwenye nyumba yangu ya vyumba vitatu ambayo ukuta wake wa nyuma unasubiri lipu tangu mwaka 2018 Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, fedha hizo huanza kuondoka bila hati, bila saini na bila kuaga.

Nimejaribu kuzifuatilia nyayo zake. Nikinunua umeme, kabla taa haijawaka kodi ya jengo imekwisha kukatwa humo humo kwenye LUKU, utaratibu ulioanza mwaka 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi na kupanda hadi 1,500 mwaka 2023. Silalamikii kodi, kodi ni kodi. Ninachoshangaa ni kwamba jengo linalotozwa ndilo lile lile lisilo na lipu, na halijawahi kupunguziwa kwa sababu ya upande wake wa nyuma. Maji yakikatika, nanunua madumu kwa mwenye mkokoteni, ambaye bei yake hupanda kila anapoona ndoo zangu zimepangwa mlangoni zikiwa zimefunua vinywa. Haya yote nayaelewa. Mtu mwenye leja anaweza kuyaandika mapema na kuyatengea fungu lake.

Kinachonishinda ni simu.

Mjomba wangu yuko Bahi, na Mgogo wa umri wake hawezi kutaja shida kabla ya kumaliza salamu. Ataanza na "mbukwenyi", aniulize habari za watoto mmoja mmoja, habari za kazi, habari za mvua (kana kwamba wingu linalonyima Bahi hujificha Nkuhungu), kisha habari za mama mkwe. Baada ya miaka mingi nimegundua kanuni isiyokosea, kwamba urefu wa salamu ndio ukubwa wa ombi. Salamu za dakika mbili ni elfu tano. Salamu zikimfikia mama mkwe, basi kuna ng'ombe anayeumwa, na zikivuka hapo na kuingia kwa majirani zangu ambao hajawahi kuwaona, huwa nakaa chini kabisa, kwa sababu hiyo ni ada ya mtoto wa mtu ambaye hata mimi simjui.

Upande wa pili yako ndugu wa Dar es Salaam. Zamani tulilindwa nao na umbali wenyewe, kwani basi lilimla mtu siku nzima, na aliyewaza kuja kututembelea alipata muda wa kutosha wa kubadili mawazo akiwa njiani Morogoro. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024, shemeji yangu anapanda asubuhi Dar es Salaam na kufika kabla maharage hayajaiva. Treni naipenda, nimeipanda, na kiti chake ni kizuri kuliko kiti chochote nilicho nacho nyumbani. Ila katika bajeti yangu nimelazimika kuiandika upande wa matumizi.

Kwa hali hiyo niliamua kujiwekea akiba ya dharura, na ninaomba nisionekane mtu wa kukurupuka, maana kwetu jambo hili ni la asili. Sisi watu wa Ugogo tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na mvua ikikosea miezi hiyo haina nafasi ya pili ya kujirekebisha. Marehemu babu alikulia katika tembe, ile nyumba ya udongo yenye paa bapa, na ndani ya tembe lao yalisimama malindo ya magome ya miti, makubwa kuliko mtu, yaliyojaa mtama na uwele. Alikuwa akitusimulia habari za Mtunya, ile njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, kama alivyosimuliwa na wazazi wake: jinsi majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalivyochukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikagoma juu ya hayo. Kwa babu, mtu aliyelala bila nafaka ya mwaka mwingine ndani alikuwa mtu anayelala nje.

Kwa hiyo mwanzoni nilifuata njia ya babu. Mwaka juzi, wakati wa mavuno, nilikwenda Kibaigwa, kwenye soko la mahindi ambalo malori yake hutoka nchi jirani, nikanunua magunia manne kwa nia ya kula mawili na kuuza mawili Februari bei itakapopanda. Muuzaji alinishauri ninunue na ile mifuko ya kinga njaa, isiyopitisha hewa, ambayo mdudu akiingia hufa kwa kukosa pumzi. Nikamwuliza bei, nikacheka, nikamwambia kwamba babu yangu hakuwahi kununua mfuko. Nilisahau kwamba babu yangu hakuwahi kukutana na dumuzi, mdudu aliyetoka bara la Amerika na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambaye wakulima walimwita Skania kwa jinsi anavyosomba. Kufikia Novemba, chumba cha wanangu kilikuwa na sauti usiku, sauti ndogo ya kusaga isiyopumzika, na mwanangu mkubwa aliniuliza kwa adabu kama tumefungua mashine. Tulipofungua magunia tulipata unga, tena mwingi, lakini si unga wa kula. Tangu siku hiyo mke wangu, akiniona nimeshika kalamu na karatasi, huuliza: "Baba, leo tunawalisha nani?"

Ndipo nikageukia kibubu. Nilimtafuta seremala mmoja, akanitengenezea kisanduku cha mninga chenye tundu moja juu, jembamba kama jicho la mtu mwenye usingizi, bila mlango na bila kufuli, kwa kuwa falsafa ya kibubu ni kwamba hakifunguliwi, huvunjwa. Nikakiweka juu ya kabati chumbani na kuitangazia familia kwamba kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Februari nitatumbukiza shilingi 10,000 kila wiki, na kwamba fedha hizo ni za dharura tu.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, kulitaja neno lenyewe. Nyumba iliyokaa miaka mingi bila dharura ilizigundua nyingi kwa mpigo. Sare ya shule, ambayo mwezi uliopita ilikuwa imepauka tu, sasa ilikuwa dharura. Kadi za michango ya harusi zilianza kuingia kwa sauti ya dharura, ingawa sijawahi kuona kamati ya harusi inayokiri kwamba jambo hili lilijulikana miezi sita kabla. Mjomba wa Bahi, ambaye sijui nani alimpasha habari, alifupisha salamu kwa mara ya kwanza maishani mwake na kuuliza moja kwa moja: "Nasikia umejenga benki?" Fedha ya matumizi huonekana pale inapotumika, lakini fedha ya dharura ina harufu, nayo inasafiri.

Mke wangu hakusema neno. Yeye ana kikoba chake, wanawake thelathini wanaokutana kila Alhamisi chini ya mwarobaini, wenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo za kufuli hizo zimegawanywa kwa wanawake watatu waliochaguliwa kwa makini, kwa sababu hawapikiki chungu kimoja. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wakutane, na wakikutana kila mmoja anamtazama mwenzake mikono. Kuna hisa, kuna mfuko wa jamii, kuna faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita kikaoni. Nilipomweleza kwamba kibubu changu ni bora kwa kuwa hakina hata mlango, alikitazama kwa muda, akakitikisa kidogo karibu na sikio, akakirudisha.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwezi Machi, usiku mmoja, nilikwama elfu kumi. Sitaji ya nini. Nilichukua kisu cha mezani, nikakiinua kibubu juu chini, nikaingiza bapa la kisu kwenye tundu, na noti ikateleza juu yake taratibu kama mtoto kwenye bembea ya kuserereka. Ilitoka kirahisi mno, nikaona aibu. Lakini mimi ni mtunza stoo, na mkono uliozoea haukubali mali itoke hivi hivi. Nikachana karatasi, nikaandika tarehe, kiasi, sababu na saini, nikaitumbukiza mahali pa noti. Dhamiri ikatulia. Mali haikuwa imeibwa, ilikuwa imetoka kwa hati.

Familia yangu inaujua utaratibu huo. Niliwahi kuweka daftari jikoni ili kila anayechota sukari asaini, na daftari lile lilidumu wiki mbili kabla ya kuwashia jiko, lakini somo liliingia: katika nyumba hii hakuna kitu kinachotoka bila karatasi. Mwezi Agosti, nilipokitikisa kibubu na kusikia mlio mkavu ambao haukunipendeza, nilishuku wezi, nikakizungushia misumari ya inchi mbili pande zote mpaka kikafanana na nungunungu.

Desemba ikaja na mvua yake ya kwanza, ambayo huku kwetu hutanguliwa na upepo kama mgeni anayetanguliwa na mbwa wake. Upepo huo uling'oa mabati matatu ya upande wa jikoni. Mawili tuliyapata barabarani yakiwa yamekunjamana, na la tatu lilikwenda kusimama wima kwenye banda la kuku la jirani kama mlango mpya, naye jirani alikuwa amekwisha kulifungia kamba. Nilipiga hesabu papo hapo: mabati, mbao mbili, misumari na fundi, jumla 165,000. Dukani kwetu sikuweza kukopa, kwa sababu ukutani kuna tangazo kubwa lisemalo LEO TASLIMU, MKOPO KESHO, na mwandiko wa tangazo lile ni wangu. Lakini moyoni nilikuwa nimetulia kabisa. Nilipowaita wote sebuleni, nikakiweka kibubu juu ya gunia na kuinua nyundo, nilijisikia kama kiongozi anayezindua daraja.

Misumari ilinitesa karibu nusu saa. Kilipopasuka, zilianguka noti chache, sarafu, na karatasi nyingi zilizokunjwa vizuri.

Nilianza kuzisoma kwa sauti kabla akili haijanizuia. Za kwanza zilikuwa zangu, nikazipitisha haraka kwa sauti ya chini. Kisha ukafuata mwandiko wa mke wangu, ulionyooka, wenye tarehe kamili: "Zimetoka 20,000, hisa za kikoba, zitarejeshwa na faida." Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa na karatasi nne, zote zikitaja daftari la grafu, na sijapata kuona mtoto anayechora grafu nyingi kiasi hicho. Shemeji wa treni alikuwa na moja, yenye neno "nauli". Kitinda mimba wetu aliandika kwa penseli: "500 ya barafu, nitalipa nikiwa mkubwa," na chini yake, kama nilivyowafundisha, palikuwa na mstari wa idhini ambao alikuwa ameusaini mwenyewe.

Hakuna aliyecheka. Nilichukua kalamu, nikajumlisha. Kwa hesabu yangu, tukiondoa Jumamosi zilizonishinda, kibubu kilipaswa kuwa na 380,000. Taslimu ilikuwa 41,200. Hati zilikuwa ishirini na tatu, jumla 338,800. Nikarudia mara tatu, nikitumaini nimekosea, lakini leja ilikaa sawa hadi shilingi ya mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea hata dukani siku ya kuhesabu mali. Mke wangu alikohoa kidogo, akasema kwamba Alhamisi anaweza kuzungumza na wenzake chini ya mwarobaini, riba yao ni asilimia kumi, ila kanuni inataka mkopaji aje na mdhamini, na mimi bado hajapatikana mtu wa kunidhamini. Matone yalikuwa yameanza kulia juu ya sufuria jikoni.

Ndipo mwanangu mkubwa akaokota karatasi iliyokuwa imekwama kwenye ubao, chini ya msumari, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nilikwisha kuihesabu, ila sikuisoma kwa sauti. Ilikuwa ya Agosti, kwa mwandiko wangu na saini yangu: "Zimetoka 6,000. Misumari ya inchi mbili, kwa ajili ya usalama wa kibubu."