Shangazi Afuga Ndevu

Daftari langu la michoro lina utaratibu wake: kurasa za kushoto ni za kujifunza vitu vyenye mparuzo, kama magome, kamba na sufu, za kulia ni za sura za watu. Siku hiyo nikamwomba Shangazi akae nimchore. Akakubali kwa masharti: makunyanzi nipunguze, hereni nizichore kama zilivyo.

Nikaanza kwa penseli ya HB, mkono mwepesi. Macho nikayaweka katikati ya kichwa, maana wengi huyapandisha mno hadi mtu anakosa paji la uso. Kati ya jicho na jicho nikaacha nafasi ya jicho moja. Zilizonitoa jasho ni hereni. Kwenye kila moja niliacha kidoa cha karatasi nyeupe bila kukigusa, zikang'aa utadhani dhahabu. Kidevuni nikatia kivuli kidogo tu. Nikatazama: ni yeye! Kwa kawaida watu wangu hufanana na mtu yeyote isipokuwa mwenyewe.

Sasa, ukurasa wa kushoto, mkabala na kidevu hicho, kulikuwa na gome la mti nililolichora kwa 6B, mikwaruzo juu ya mikwaruzo. Wanaoitumia penseli hiyo wanaijua: laini, nyeusi tii, na unga wake haukai mahali pamoja.

Nikafunga daftari, nikaliacha kwenye kochi, nikaenda kunawa. Kurudi, namkuta Shangazi amelikalia, anaongea na simu. Naye akiongea na simu hatulii: mara ajirushe kwa kicheko, mara ageukie huku, mara kule. Nani wa kumwinua?

Aliponyanyuka mwenyewe, nikafungua. Gome lote limehamia kidevuni. Ndevu zimejaa, zimeshuka hadi shingoni, na sijawahi kuchora ndevu nzuri kama zile. Nikashika raba. Raba ikautandaza ule weusi, akaota na masharubu.

"Lete nijione."

Nikampa. Akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Uso ukamchanua.

"Ala! Kumbe ulikuwa unamchora Kaka!"

Sikubisha. Akaondoka nalo mbio kumpelekea Baba. Baba akalisogeza dirishani penye mwanga, huku anajipapasa ndevu, akaitikia kwa kichwa.

"Mtoto ana kipaji," akasema. "Ila mimi masikio nimetoboa lini?"