Swali la Kizushi

Ukiona mtu kijiweni anasogeza kikombe cha kahawa pembeni kabla hajafungua mdomo, jua swali la kizushi linakuja. "Mjomba, kwa mfano tu. Mtu akikaanga korosho ghafi ndani ya nyumba, itakuwaje?" Huyo mtu hana jina, hana mtaa, hana hata mama. Anaishi kwenye mfano. Lakini ukishusha macho kwenye vidole vya muulizaji, ncha zake ni nyeusi ti, na ngozi ya kidole gumba imeanza kubanduka kama rangi ya mtumbwi wa zamani.

Anachotafuta ni shahidi. Mambo yakiharibika aseme, "Mbona mjomba nilimuuliza, akaninyamazia?" Ndiyo maana hapa Mtwara mzee yeyote anayejua vitu viwili vitatu hanywi kahawa kwa amani.

Dawa ya watu hawa ni kusikiliza sarufi. Akisema "mtu akifanya", kitu bado kiko mfukoni, muda upo. Akisema "mtu angefanya", kitu kimeshabandikwa jikoni. Akisema "ikiwa ameshafanya", weka kikombe chini, tafuta bodaboda ya kwenda hospitali ya Ligula.

Tuanze na korosho, maana kuanzia mwezi wa 10 mpaka wa 12 swali hili halina mpinzani. Watu wana visado vya korosho uvunguni, jiko lipo, kiberiti kipo, kilichokosekana ni akili tu. Ganda la korosho ni nyumba. Kuna ukuta wa nje, kuna ukuta wa ndani mgumu, na katikati pana vyumba vidogo vidogo kama sega la nyuki. Humo mmejaa mafuta mazito ya kahawia, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni asidi ya anakadiki. Hiyo ndiyo inayochoma. Inaingia kwenye ngozi kimyakimya. Siku ya kwanza unajisifu una mkono mgumu, kesho yake panawasha, keshokutwa malengelenge, baada ya hapo unajivua ngozi kama nyoka.

"Na akipasua kwa meno, mjomba?" Midomo itavimba mpaka aonekane anapuliza tarumbeta. Mkorosho na mwembe ni ukoo mmoja, kwa hiyo wale ambao utomvu wa embe huwatoa vipele mdomoni wasijaribu hata kulamba ganda. Ila ndio hao hao wanaoongoza kuuliza.

Sasa kukaanga kwenyewe. Anayetaka kukaanga atoke nje, mbali na makuti na mbali na nguo za jirani. Achukue debe lililokatwa, lenye matundu chini, alitege juu ya mafiga matatu. Korosho zitandazwe tabaka moja, zisirundikwe. Mti wa kukorogea uwe mrefu, mita moja na nusu hivi, na mkorogaji asimame upande unakotoka upepo. Akoroge bila kupumzika. Ganda likishika moto, mafuta yanafoka, yanapita kwenye matundu, yanadondokea kwenye kuni na kuwaka. Hapo unapanda moshi mweusi mzito, na moshi huo umebeba mafuta yale yale yaliyochoma vidole. Ndiyo sababu macho yanawasha na koo linakaba. Korosho zikishakuwa nyeusi na kuanza kuwaka zenyewe, debe linapinduliwa, zinamwagwa chini na kufukiwa kwa mchanga au majivu. Mchanga unazima moto na unanyonya mafuta yaliyobaki kwenye ganda. Kisha zinaachwa zipoe kabisa. Anayeharakisha hapa ndiye anayepata yote mawili, kuungua na kuchomwa na asidi.

Kubangua nako kuna adabu yake. Mikono inapakwa majivu kwanza, au mafuta ya kupikia. Korosho inasimamishwa kwa mshono wake juu ya jiwe, inagongwa pigo dogo, inageuzwa, inagongwa tena. Ukipiga kama unabomoa ukuta, kiini kinatoka vipande na mafuta ya ganda yanakipaka. Baada ya hapo kuna utando mwekundu wa kumenya, kazi ya kucha na subira. Na kutoka kilo 4 za ghafi, ukibahatika sana, unapata kilo 1 ya viini. Taarifa hii huwahuzunisha kuliko ile ya malengelenge.

Ndani ya nyumba hadithi ni nyingine. Huyu wa kwenye mfano hutumia kikaango cha chapati. Kikaango hakina matundu, kwa hiyo mafuta hayaendi popote, yanajikusanya, yanachemka, halafu yanashika moto yote kwa pamoja. Hapo anafanya kitu pekee anachokikumbuka kuhusu moto: anamwaga maji. Maji ni mazito kuliko mafuta. Yanazama, yanakutana na joto kali, yanageuka mvuke mara moja, na mvuke unataka nafasi zaidi ya mara 1,000 ya ile ya maji. Unapanda na mafuta yanayowaka mpaka kwenye dari. Mfuniko tu ungetosha. Kufunika, kuzima jiko, kutoka nje, kusubiri. Mwambie hivyo, atakujibu, "Mjomba, na kama mfuniko haupo?" Kikaango kipo, moto upo, mfuniko ndio haupo. Nchi hii!

Akiondoka wa korosho, anakaa wa gesi. Huyu ana uchungu wa kihistoria. Gesi imegunduliwa Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, mwaka 1982, bomba la inchi 36 limekamilika mwaka 2015 kuipeleka Dar es Salaam, na yeye anapikia mtungi wa kilo 6 wenye gesi iliyokuja kwa meli kutoka ng'ambo. Kwa hasira anadhani gesi zote ni moja. Hazifanani tabia. Ile ya Mnazi Bay ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda inakwenda zake. Ya mtungi ni nzito, inashuka sakafuni, inatambaa, inaingia uvunguni na kulala humo kama paka.

"Mjomba, kwa mfano tu, mtu akiwasha kiberiti atafute panapovuja, atapaona?"

Atapaona. Na majirani watapaona.

Gesi hiyo ikishafika kama asilimia 2 ya hewa ya chumbani, cheche moja inatosha, na swichi ya taa ni cheche. Kwa hiyo anayenusa harufu asiwashe taa, na iliyowaka asiizime. Afunge koki ya mtungi, afungue mlango. Mlango, siyo dirisha peke yake: gesi iko chini, dirisha liko juu, vitakutana wapi? Kutafuta panapovuja kunahitaji sabuni ya unga kidogo na maji kwenye kikombe, likoroge povu, lipakwe kwenye koki, kwenye regyuleta na kwenye mpira wote mpaka jikoni. Povu likivimba kama shavu la mtoto, ndipo hapo. Lakini sabuni haina msisimko. Kiberiti kina hadithi.

Kuna na wa kulaza mtungi kwenye bodaboda, mguu juu ya mtungi, sigara mdomoni, anauliza akiwa safarini. Mtungi ukisimama, juu kuna mvuke na chini kuna gesi ya majimaji. Ukiulaza, majimaji yanafika kwenye koki, na koki ikiwa mbovu kinachotoka siyo mvuke tena. Tone la majimaji hayo likitoka nje linavimba zaidi ya mara 200, na mahali linapogusa ngozi linaunguza kwa baridi. Kwa baridi, ndiyo. Hapa wanacheka wote.

Wengine nawapitia haraka, kahawa inapoa. Mtu akitia petroli kwenye kibatari mafuta ya taa yakiisha? Mafuta ya taa husubiri joto la nyuzi 38 au zaidi ndipo mvuke wake ushike moto. Petroli haisubiri hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, na Mtwara haijawahi kufika huko. Mtu akizungushia fyuzi ya plagi karatasi ile inayong'aa ya pakiti ya sigara? Redio itaimba. Ile fyuzi ya ampia 13 iliwekwa ife ili waya usife, sasa karatasi imekataa kufa, safari ijayo utakufa waya, na waya uko juu ya dari. Mtu akivuka Ruvuma kwa miguu kiangazi, maji yakiwa magotini? Magotini ni pale aliposimama. Mchanga wa Ruvuma unahama, hatua ya pili ni kifuani, na mamba hana kipimo cha magoti. Daraja la Umoja liko Mtambaswala, mita 720 za zege. "Mbali, mjomba." Ni kweli, ni mbali.

Wa Newala anastahili dakika moja zaidi, kwa sababu kule juu kwenye uwanda wa Makonde mwezi wa 6 na wa 7 baridi ni ya kweli na anauliza kwa heshima, koti limefungwa mpaka shingoni. Jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, nguo imezibwa chini ya mlango "upepo usiingie". Mkaa ukikosa hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na kwenye damu inang'ang'ania kiti cha oksijeni mara 200 na zaidi kuliko oksijeni yenyewe. "Nikisikia kizunguzungu nitatoka." Hatatoka. Akili inachanganyikiwa kwanza, miguu inafuata, na yeye anadhani ni usingizi mtamu wa baridi. Blanketi la pili, bwana. Blanketi la pili halijawahi kumuua mtu.

Tumefika kwa bunju, na huyu muulizaji wake huja jioni, mfuko mweusi mkononi, mfuko unadondosha maji. "Kwa mfano tu," anasema, na mfuko unanuka bahari.

Bunju ni yule samaki anayejijaza maji akikasirishwa akawa kama mpira. Sumu yake ni tetrodotoksini, na imekaa zaidi kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi. Mtu akimchemsha saa nzima? Moto wa jikoni hauiondoi. Akimwekea ndimu na chumvi? Atakuwa bunju wa ndimu. Akimkausha juani? Atakuwa bunju mkavu. Akitoa ini kwa uangalifu? Kisu kikipasua ini, majimaji yanatembea kwenye nyama, na jikoni kwa watu hakuna taa ya kuonyesha yamefika wapi.

"Na akimpa paka kwanza?"

Hili la paka linapendwa sana, ngoja nilimalize. Paka anapewa mkia. Baba anakula tumbo. Sumu haijagawanywa sawasawa kama mirathi: kipande hiki kina kidogo, kile kina ya kuua. Paka naye anatapika mapema na kwenda kulala kwa jirani, nyinyi mnasema, "Paka mzima, yuko matembezini." Dalili nazo zina wakati wake. Mara nyingi huanza ndani ya dakika 10 hadi 45, mara nyingine hupita saa 3. Subira ya mtu aliyenukia mchuzi wa nazi ni dakika ngapi? Tano.

Inaanza na ganzi ya midomo na ulimi, halafu ganzi ya uso na vidole, kutapika, miguu kulegea, mwisho misuli ya kupumua inagoma. Dawa ya kuivunja sumu yenyewe hakuna. Maziwa hayasaidii, na ulimi ukishakufa ganzi yatamwingia kwenye mapafu. Alazwe ubavu, awahishwe hospitali, kwa sababu wanachoweza kufanya kule ni kumpumulia mpaka mwili uitoe sumu, na anayevuka siku ya kwanza mara nyingi anapona. Akiacha kupumua njiani, apuliziwe mdomo kwa mdomo bila kukata tamaa. Na kumbuka hawezi kusogea lakini mara nyingi anasikia kila neno, kwa hiyo msianze kujadili nani atachukua baiskeli.

Muulizaji anasikiliza yote haya ametulia, ametulia mno. Kisha ananyanyuka na mfuko wake. "Asante, njo'a."

Njo'a?

Mjomba inahitaji midomo miwili ikutane. Acheni kahawa. Amekula sehemu gani, tangu saa ngapi, na waliokula naye sufuria moja wako wapi?