Si urembo
Eti makala inasema kuvisha nyumba ya zamani koti la nje, yaani tabaka la kuzuia joto lisitoke kupitia kuta, ni urembo wa kupandisha bei tu? Mimi ni fundi lipu hapa Birmingham na kazi hii ndiyo inayonilisha, sikubaliani na mwandishi wake. Nyumba nyingi za Uingereza za kabla ya miaka ya 1920 zina ukuta wa tofali usio na uwazi katikati, kwa hiyo joto unalolilipia linaishia barabarani. Tunabandika bodi nene za pamba ya mawe (nyuzi za mwamba ulioyeyushwa) kwa nje, tunazikaza kwa skrubu ndefu, tunatandaza wavu, kisha lipu. Wenyewe hawahami, vyumba havipungui hata inchi, na hita ikizimwa ukuta unabaki na joto lake. Kubwa zaidi ni ule ukungu mweusi nyuma ya kabati: ukuta ukiwa na joto kwa ndani, mvuke wa jikoni haugeuki maji kirahisi. Ila fundi akiruka pembe za madirisha (wengi huruka, wanakimbilia malipo), ukungu unahamia hapo hapo. Na bado madirisha yafunguliwe, mvuke utoke. Mliopanga huko, wenye nyumba wanakubali kuweka koti hili?