Upinde wa mbao sio kijiti

Ule mlio niliusikia nikiwa chumbani natafuta glovu ya vidole, na kabla sijafika sebuleni nilishajua ni nini. Nilikuwa nimeutia ugwe upinde wangu nikaulaza mezani, nataka tu nichukue podo na glovu nitoke nikapige mishale kidogo kabla jua halijazama. Shemeji yangu akauona, akaushika, akauvuta mpaka sikioni halafu akaachia. Bila mshale. Namkuta bado kausimamisha mkononi, anafurahi, anasema "shem, huu mti una nguvu kweli." Nikauchukua, nikapitisha kidole mgongoni taratibu, na kwenye mkono wake wa juu, yaani ile nusu ya juu ya upinde inayopinda, kama shubiri moja toka mshikoni, kibanzi chembamba kimeinuka. Nikamwonyesha. Akasema pole, na akamaanisha, hilo namshukuru, lakini akamalizia na maneno ambayo mpaka leo yananikaa kifuani: "Lakini si kijiti tu shem, si utachonga kingine?"

Kijiti. Naandika hii kwa sababu ya hilo neno, manake sio yeye peke yake, watu wengi wakiona upinde wa mbao wanaona fimbo iliyofungwa kamba, yaani toy ya mtoto, na wanaushika hivyo hivyo.

Upinde wangu nilimsubiria fundi miezi kumi na minne. Gogo linapasuliwa, ncha zinapakwa rangi nzito au gundi ili maji yasitokee pale kwa haraka mti ukapasuka, halafu linaachwa, na hapo hakuna wa kumharakisha mwenzake, mpaka unyevu ushuke kama asilimia 8 mpaka 10. Mti ukiwa mbichi upinde unajikunja haurudi, ukikauka kupita kiasi unakatika kama biskuti. Baada ya hapo ndio anaanza kuutafuta mgongo. Mti unajiwekea pete moja kila msimu wa kukua, na fundi anachagua pete moja tu, anaifuata kutoka ncha hii mpaka ncha ile kwa kisu cha mishikio miwili, pete ikipanda juu ya fundo naye anapanda, ikizama anazama, hairuhusiwi kuikata hata kidogo manake pale atakapoikata ndipo nyuzi zimekatika na ndipo upinde utaanzia kufa siku moja. Mi nilikaa naye siku ile ya kusawazisha mikono. Anakwangua mara tatu nne, anautundika kwenye ubao, anavuta ugwe kidogo, anarudi nyuma anauangalia unavyopinda, kimya, halafu anakwangua tena mahali pengine kabisa. Mchana mzima. Jioni vumbi la mbao alilotoa lingejaa kiganja kimoja tu, na upinde ulikuwa umebadilika kabisa, mikono yote miwili inapinda kama mmoja. Nilimuuliza anajuaje aache wapi. Akasema mkono ulio mgumu haufanyi kazi, na ule mwenzake unabeba kazi ya wawili mpaka unakufa, kwa hiyo yeye anagawa kazi tu.

Sasa hicho ndicho kijiti.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kilichotokea kingezuilika kwa sentensi moja, usiachie ugwe bila mshale. Ukivuta upinde, upande wa mgongo, ule unaoangalia shabaha, nyuzi zake zinavutwa kama zinataka kuachana, na upande wa tumbo unaokuangalia wewe unabanwa, na hapo katikati mti unashikilia nguvu yote uliyoiweka. Wangu ukiuvuta inchi 28 unakuwa na uzito wa pauni 45, yaani kama kilo 20. Ukiachia, nguvu ile inatafuta pa kwenda. Mshale ndio unaichukua, sehemu kubwa inaondoka nao. Kama hakuna mshale inarudi kwenye mti wenyewe na kwenye ugwe, kwa ghafla, na mti hauna pa kuipeleka. Hata mshale mwepesi mno unaumiza upinde kwa sababu hiyo hiyo, ndio maana wanaopiga pinde za mbao wanapenda mishale yenye uzito kidogo. Mafundi wa pinde wana usemi wa zamani kwamba upinde uliovutwa mpaka mwisho umeshavunjika sehemu tisa kati ya kumi. Wanaujua ukweli wa kitu wanachotengeneza, manake upinde mzito ambao hauwezi kuvunjika unakuwa fimbo isiyorusha kitu, na upinde mzuri ni ule uliokwanguliwa mpaka karibu kabisa na mwisho wake na fundi akajua pa kusimama. Kwa hiyo ukiushika umeshika kazi ya mtu aliyesimama mahali sahihi. Usivute kupita inchi zake, usikae umeuvuta unaongea na watu, ukimaliza kupiga toa ugwe, usiuache kwenye gari juani. Basi, sio mengi.

Kuna jamaa zangu wanapiga zile za kapi na kebo, na baada ya haya kutokea mmoja kanipigia, tena kwa nia njema, kaniambia si nilikwambia nunua wa kisasa. Haya, nakubali, kwa shabaha wao wako mbele na sitabishana, toka yule Mmarekani Allen alivyopata hataza ya upinde wa kapi mwaka 1969 hakuna upinde wa mbao unaoweza kushindana nao kwa kupanga mishale. Na anayeanza kabisa aanze na upinde wa faibaglasi, unasamehe makosa, hilo nalo nakubali japo sipendi kulisema. Lakini kwenye kapi uzito unapanda halafu unashuka, ukifika mwisho umeshika sehemu ndogo tu ya uzito, unaweza ukasimama pale ukapumua ukapanga sighti, ile ya kulengea. Wa mbao unapanda mpaka mwisho kabisa, ukifika pale ndipo penye uzito wote, hauna sighti, hauna kitufe cha kuachia ugwe, na mwili wako lazima uwe umeshaamua kabla. Mi kwa kweli nilikuwa mtu wa wasiwasi sana kwenye maamuzi, na mahali pa kwanza nilipojifunza kuacha kusitasita ni pale, mkono umefika kwenye pembe ya mdomo, macho yako kwenye nukta moja tu, na mgongo unafanya kazi. Ugwe unaondoka. Mti unatikisika kidogo kiganjani halafu unatulia. Hakuna kitu kingine kwenye maisha yangu kinanitulizaga hivyo, nasema kwa moyo wote.

Na unakufundisha kusikiliza. Mwanzoni mishale yangu yote ilikuwa inaenda kushoto, wiki mbili nzima nahangaika na mkono, nabadilisha kusimama, nabadilisha kushika, mpaka fundi akachukua mshale mmoja akaukunja kidogo kwa vidole akasema hii ni migumu kwa upinde wako. Upinde wa namna hii haujakatwa nafasi katikati, mshale unakaa ubavuni mwa mti, kwa hiyo ukiachiwa lazima ujipinde uzunguke mshiko ndio unyooke, ukiwa mgumu mno haujipindi vya kutosha na kwa anayevutia mkono wa kulia unaenda kushoto. Tukabadilisha mawano tu, yaani ile miti ya mishale, mkono ule ule, mishale ikaenda kati.

Halafu kuna hawa wengine, hao ndio wengi, wananifariji kwamba sasa nimepata pambo zuri la ukutani. Jamani. Wangu huwa unakaa ukutani, ndio, umelala juu ya vigingi viwili bila ugwe, kwa sababu ndivyo mti unavyopumzika bila kupinda. Ila kupumzika sio pambo. Meli ya Kiingereza ya Mary Rose ilizama mwaka 1545, ilipoinuliwa 1982 walikuwa wameshapata pinde nzima zaidi ya 130 za mti wa yew, ule ambao nyama yake nyeupe ya nje inastahimili kuvutwa na kiini cha ndani kinastahimili kubanwa, yaani mti umejiumba wenyewe mgongo na tumbo. Ni vizuri ziko salama, watu wamejifunza mengi. Ila mimi nikizifikiria huwa nawaza mikono ya wale watu. Na yule mtu wa kwenye barafu wa milima ya Alps, Ötzi, aliyeonekana 1991 baada ya miaka kama 5300, alikuwa na upinde wa mita 1.82 na ulikuwa haujamalizika kuchongwa. Alikuwa safarini na upinde ambao bado anauchonga. Hiyo huwa inanigusa kuliko hazina yoyote ya makumbusho, kwa sababu kwake kile hakikuwa pambo wala kijiti, kilikuwa kazi aliyokusudia kuimaliza.

Jana nikaupeleka kwa fundi. Akakaa nao mlangoni penye mwanga, akaupindisha kidogo sana huku kidole gumba kiko juu ya kile kibanzi, akasikiliza. Nikamwambia mzee, si unaweza kutia gundi ukafunga na uzi? Akasema naweza, na utapiga nao mwezi, labda mwaka, halafu siku utakapokatika utakatikia karibu na uso wako, mimi hiyo gundi sitii. Nikanyamaza. Kwa kweli machozi yalikuwa karibu na sikuona haya.

Shemeji nilikuwa nimekuja naye, nilimwomba aje. Fundi hakumgombeza. Alimpa gogo lililopasuliwa, limepakwa rangi nyeupe kwenye ncha, akamwambia ahesabu pete. Akahesabu, akapotea, akaanza upya, akafika thelathini na kitu. Fundi akachukua penseli akaandika tarehe ya jana kwenye gome na jina langu chini yake, akalirudisha juu ya dari pamoja na mengine, akatuambia tusimuulize chochote kabla mwaka haujaisha.