Kambi ya Likizo Imwache Mtoto Akue

Kila shule zinapokaribia kufungwa, wazazi hunijia na swali lilelile: mwalimu, huyu kijana nimpeleke kambini au abaki nyumbani anisaidie shambani? Jibu langu halijabadilika. Mpeleke. Lakini chagua kambi inayotambua kwamba imepokea mtoto, na uikimbie ile inayomtaka awe bingwa kabla shule hazijafunguliwa.

Nasema hivi nikiwa huku Bonde la Ufa, ambako kambi za riadha za likizo ya Aprili, Agosti na Desemba zimekuwa sehemu ya maisha ya vijana. Sasa zimejaa kila kona. Kila mji una mtu aliyekodi nyumba, akanunua magodoro na saa ya kupimia muda, akajiita kocha. Baadhi yao wanafanya kazi ya maana sana. Wengine wanavuna watoto wa watu.

Turudi kwanza pale mambo haya yalipoanzia. Mwaka 1976, Bruda Colm O'Connell, mtawa Mkatoliki, alitoka Ireland kuja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten, mji ulio karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Hakuwa amesomea ukocha. Alijifunza kwa kuwatazama wavulana wake wakikimbia, siku baada ya siku, akiona nani anapiga hatua nzito na nani anainua mabega anapochoka. Mwaka 1988 mmoja wa wavulana wa shule hiyo, Peter Rono, alishinda dhahabu ya mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul. Wengi baada ya ushindi kama huo wangetafuta wakimbiaji wakubwa zaidi. Bruda Colm mwaka uliofuata alianzisha kambi ya likizo ya vijana wadogo, na mwanzoni aliwalenga wasichana, ilhali St Patrick's ni shule ya wavulana.

Katika kambi za namna hiyo ndimo alimopitia David Rudisha, kijana kutoka Kilgoris ambaye baba yake alikuwa katika timu ya Kenya iliyopata medali ya fedha ya kupokezana vijiti Mexico mwaka 1968. Rudisha alikuwa na hamu ya mita 400 na hata dekathlon, shindano la michezo kumi ya riadha. Alielekezwa mita 800. Mwaka 2006 akawa bingwa wa dunia wa vijana, na mwaka 2012 akakimbia dakika 1 na sekunde 40.91 London, rekodi ya dunia. Watu hupenda kuruka kutoka kambi hadi London kana kwamba ni hatua moja. Kati yake kuna miaka mingi ya kukaa, kusubiri, kupumzika, kuumia na kupona chini ya jicho la mtu asiye na haraka. Hiyo miaka ya katikati ndiyo kambi nzuri inamfundisha mtoto kuivumilia.

Ukienda kutazama kambi ya vijana inayoendeshwa vizuri, huenda ukavunjika moyo mara ya kwanza. Ulitarajia vumbi na jasho. Unakuta watoto ishirini uwanjani kwenye nyasi, wengine pekupeku, wakitembea kwa kuinua magoti, wakirukaruka kwa mguu mmoja, wakisimama, wakirudia. Msichana wa miaka kama kumi na minne anakimbia huku mikono ikikatiza kifua, kiwiliwili kinayumba kushoto na kulia. Kocha hapigi kelele. Anatembea kando yake: "Mikono, mama, mikono. Irudi nyuma, usiikumbatie hewa." Anarudia mita sitini zilezile mpaka mabega yanashuka na kiwiliwili kinatulia. Kisha kocha anasema inatosha, nendeni mnywe chai. Hakuna aliyepimwa muda asubuhi hiyo. Mzazi aliyesimama kando ya ua anaweza kudhani pesa yake imepotea, kumbe ameona kitu ambacho shule haina nafasi ya kukifanya katika muhula mzima.

Maana muhula wetu ni mashindano juu ya mashindano. Mbio za nyika, kisha riadha ya uwanjani, zoni, kaunti ndogo, kaunti, mkoa, taifa. Mtoto akionekana ana kasi, anapangiwa mita 1500, 5000 na kupokezana vijiti siku moja, kwa sababu shule inataka pointi. Hakuna anayepata wasaa wa kumrekebisha hatua. Likizo ndiyo nafasi pekee ya kumtoa kwenye mbio na kumfundisha kukimbia.

Mwili wenyewe unadai hivyo. Kijana anaporefuka ghafla, mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata nyuma. Kano inayopita mbele ya goti huvuta mfupa wa muundi mahali ambapo bado ni pachanga, na ndipo utakapomsikia akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, na ukipapasa unakuta uvimbe. Kocha mwenye maarifa humpunguzia kuruka na mbio za kasi, akamwangalia. Kocha mwenye njaa ya medali humwambia ajikaze. Nimeona vijana wenye vipaji vya ajabu wakiachwa na mchezo wakiwa na miaka kumi na saba, na magoti yao ndiyo yaliyotangulia kusema basi.

Halafu kuna usingizi. Wataalamu wa tiba ya usingizi wanashauri saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18. Mwanafunzi wetu wa bweni huamshwa saa kumi na nusu alfajiri kwenda kusoma, na taa hazizimwi mpaka usiku umeenda. Kambini, mtoto huyu kwa mara ya kwanza analala mchana baada ya mazoezi bila mtu kumwita mvivu. Anakula ugali, sukuma wiki, maharagwe, mayai, maziwa, kwa wakati. Wengine huongeza kilo chache kwa wiki tatu na wakarudi nyumbani na kasi zaidi, jambo linalowashangaza wazazi walioamini mkimbiaji hutengenezwa kwa kushindishwa njaa.

Na kuna kuishi na wenzako. Mtoto wa Kilgoris analala kitanda cha chini, wa Marakwet cha juu, wa Mlima Elgon anapika zamu ya jioni. Anafua mwenyewe. Anajifunza kushindwa na rafiki yake asubuhi na kula naye sahani moja saa saba. Hilo darasa ukiwa nyumbani hulipati.

Tazama jinsi malezi haya yanavyopokezanwa. Janeth Jepkosgei, aliyenolewa na Bruda Colm, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 Osaka mwaka 2007. Alipomaliza enzi yake hakwenda mbali, alirudi kulea vijana huko Kapsabet. Miongoni mwa aliowashika mkono ni Emmanuel Wanyonyi, kijana aliyeacha shule mapema akachunga ng'ombe. Wanyonyi alishinda mita 800 za vijana wa dunia pale Kasarani, Nairobi, mwaka 2021, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki Paris kwa dakika 1 na sekunde 41.19, akiwa na miaka 20. Kinachonigusa zaidi katika habari zake ni kwamba kuna mtu mzima aliyemwona mtoto huyo akiwa hana kitu, akampa mahali pa kulala na sababu ya kurudi darasani.

Sasa niseme la wasichana, na nalisema bila kuzunguka. Oktoba 2021 Agnes Tirop, bingwa wa dunia wa mbio za nyika wa mwaka 2015, aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na miaka 25. Wenzake na familia yake walianzisha Tirop's Angels ili kupigania usalama wa wanawake katika riadha. Msichana mwenye kipaji huzungukwa na watu mapema sana: wa kumnunulia viatu, wa kumlipia nauli, wa kumshikia pesa atakazozipata kesho. Kambi ya likizo inaweza kuwa mahali anapojifunza kuwatambua watu hao, au mahali wanapomnasa. Kwa hiyo mzazi, uliza. Bweni la wasichana linasimamiwa na mwanamke gani, na analala humo? Kocha anaruhusiwa kumwita mtoto peke yake? Simu ya kunipigia mwanangu akiwa na shida iko wapi? Kambi ikikasirishwa na maswali haya, mrudishe mtoto nyumbani jioni hiyohiyo.

Uliza pia wanakimbia kwa nguvu mara ngapi kwa wiki. Na ukiona kuna karatasi ya kutia sahihi inayompa mtu haki ya sehemu ya mapato ya mtoto wa miaka kumi na tano, usitie.

Ninalowaomba wenye mamlaka ni dogo na halihitaji kujenga kitu kipya. Kaunti zetu zina shule za bweni zenye vitanda, majiko, visima na viwanja, na kila likizo hufungwa kwa kufuli akabaki mlinzi na mbuzi wanaokula nyasi za uwanja. Chukueni shule mbili tu kwa kila kaunti mwezi Agosti. Mlipeni mpishi, matroni, muuguzi na walimu wawili wa michezo. Ada iwe ile ambayo mama anayeuza mboga Kapsabet anaweza kuilipa, na asiyeweza kabisa mtoto wake aingie bure. Mashindano yawe mwiko kwa wiki zote tatu. Majina ya watoto yaandikwe sasa, kabla muhula wa pili haujaisha, maana waliokodi nyumba na kununua magodoro wameshaanza kupita shuleni wakiyachukua.